Wasiwasi si uoga: tuuulizie kama tunavyoulizia malaria

Ukikaa asubuhi moja tu kwenye benchi la zahanati hapa Afungi, utasikia maneno haya: "Moyo unanienda mbio." "Kifua kimenibana." "Usiku silali." "Tumbo linanivuruga tangu wiki iliyopita." Na mwingine atasema: "Nina malaria, lakini kila wakinipima hawaioni." Mgonjwa anachomwa kidole, kipimo kinaonyesha hana malaria, anapewa parasetamoli na kwenda nyumbani. Baada ya wiki mbili anarudi na maneno yale yale.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba kuzungumza na watu juu ya chandarua, maji safi, choo, chanjo na uzazi salama. Mimi si daktari, nimesoma sekondari tu na kupata mafunzo ya kazi hii. Lakini nimeingia katika nyumba nyingi, na jambo hili nimeliona kwa wengine na nimelipata mwenyewe. Kwa hiyo naomba nafasi katika jarida letu nitoe maoni yangu. Nasema kwamba wasiwasi ni jambo la afya kama malaria na kuhara. Si uoga, si uvivu wala si aibu. Na sisi wenyewe, wahudumu na jamii, tunaukosea kwa namna tunavyoupokea.

Tumetoka wapi

Hakuna haja ya kumweleza mtu wa huku habari za vita, lakini ni vizuri kukumbuka ni mambo mangapi yametupata kwa miaka michache. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walivamia Mocímboa da Praia, na huo ndio ulikuwa mwanzo. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga jimbo letu. Agosti 2020 mji wa Mocímboa ulitekwa, ukakaa mikononi mwa wavamizi mwaka mzima hadi Agosti 2021. Tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Makumi ya maelfu ya watu walikimbia, wengine porini, wengine kwa mashua hadi Pemba, na maelfu walikuja hapa Afungi na kujazana Quitunda kutafuta usalama karibu na mradi wa gesi. Baadhi ya Wamsumbiji walivuka Mto Ruvuma kuingia Tanzania, na wengi wao wakarudishwa.

Wenyeji wa Quitunda nao walikuwa na mzigo wao kabla ya hapo. Wengi walihamishwa kutoka vijiji kama Quitupo ili kupisha mradi. Mvuvi aliyezoea kutoka mlangoni na kuingia majini akajikuta anakaa mbali na bahari.

Tangu 2021 wengi wamerudi Palma na Mocímboa, masoko yamefunguliwa, watoto wanasoma. Lakini mambo hayajaisha. Desemba 2024 kimbunga Chido kilipiga upande wa Pemba na Mecúfi. Julai 2025 makumi ya maelfu ya watu walikimbia tena, hasa wilaya ya Chiúre, na Septemba mwaka huo huo Mocímboa ilishambuliwa tena. Kila habari ya namna hiyo ikifika kwenye simu ya mtu mmoja, kabla ya saa moja kupita imefika kambi nzima.

Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu mwaka 2019 kwamba katika maeneo yaliyopitia vita, karibu mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili kama huzuni kubwa, wasiwasi uliozidi au maradhi ya mshtuko. Hebu hesabu nyumba tano kuanzia kwako. Bila shaka unamjua mmoja, na pengine ni wewe.

Wasiwasi mwilini

Watu wengi hawaamini kwamba fikra inaweza kuuma kifuani. Basi tueleze inavyokwenda.

Mungu amemuumba mwanadamu na mlinzi ndani yake. Ukisikia mlio wa bunduki, ubongo hautakusubiri ufikiri. Unapeleka amri, na tezi mbili ndogo zilizoko juu ya figo zinamwaga kemikali iitwayo adrenalini kwenye damu. Moyo unaanza kupiga haraka ili upeleke damu kwenye miguu na mikono. Pumzi zinakuwa fupi na za haraka. Misuli inakaza. Jasho linatoka ili mwili upoe. Kinywa kinakauka. Tumbo linaacha kazi ya kusaga chakula, kwa sababu huo si wakati wa kula. Wengine huhara au kukojoa mara kwa mara. Haya yote yana faida. Siku ile ya tarehe 24 Machi, wazee wenye magoti mabovu walitembea usiku kucha. Kilichowabeba ni mlinzi huyo.

Shida inaanza pale hatari inapopita na mlinzi anakataa kulala. Fikiria mlinzi wa usiku aliyewahi kuvamiwa. Baada ya hapo hata paka akipita atapuliza filimbi. Si mwongo huyo, naye filimbi yake ni nzuri, ila ameshindwa kutofautisha paka na mwizi. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mlango ukigongwa kwa nguvu, gari likilipua moshi, helikopta ikipita juu, mwili unafanya yale yale uliyofanya siku ya mbio, na wewe umekaa tu unamenya mihogo.

Mtu anayeishi hivyo kwa miezi anachoka. Misuli iliyokaza kila siku huleta maumivu ya kichwa, shingo na mgongo. Tumbo lisilotulia huleta kiungulia, gesi na kukosa hamu ya kula. Usingizi unakatika saa nane za usiku na haurudi. Na kuna wakati wasiwasi unapanda ghafla: moyo unadunda, pumzi hazitoshi, vidole vinafa ganzi, kizunguzungu kinakuja, na mtu anaamini kabisa kwamba anakufa. Ganzi hiyo na kizunguzungu hutokana na kupumua haraka mno, hadi hewa ya ukaa inapungua kwenye damu kuliko inavyotakiwa. Hali hii inatisha sana, lakini kwa kawaida hufikia kilele katika dakika kama kumi, kisha hushuka yenyewe.

Nasema haya ili mtu ajue. Mwenye kujua kwamba ganzi ile inatokana na pumzi, hofu yake inapungua nusu. Asiyejua anaogopa ganzi, hofu inaongeza pumzi, pumzi zinaongeza ganzi, na duara linazunguka.

Wasiwasi katika mawazo

Sisi husema "ana mawazo" au "anawaza sana". Maneno haya ni sahihi kuliko tunavyodhani. Mwenye wasiwasi anaona mwisho mbaya tu wa kila jambo. Mume akichelewa kurudi baharini, amekufa. Mtoto akipata joto kidogo, hatapona. Mtu asiyemjua akipita njiani, ni mpelelezi. Fikra moja inazunguka kama punda wa kinu, inachosha na haifiki popote.

Kuna pia kusahau. Mama anatoka kuchota maji na kusahau ndoo. Mwanafunzi anasoma ukurasa mmoja mara nne bila kushika kitu. Mwalimu anadhani hana akili, kumbe akili yake iko kazini muda wote inasikiliza nje. Akili inayosikiliza nje haina nafasi ya hesabu za ubaoni.

Wasiwasi katika matendo

Hapa ndipo wasiwasi unapokula maisha ya watu, nami nitaanza na mimi mwenyewe.

Mwaka 2023 nilipangiwa nyumba ishirini na tano za kutembelea. Tano kati ya hizo zilikuwa upande wa pili wa shamba la mikorosho. Njia ilikuwa salama, watu wa huko walipita kila siku na watoto wao. Lakini nilipokimbia Palma mwaka 2021 na mama yangu na mdogo wangu, tulilala ndani ya mikorosho, na yale tuliyoyasikia usiku ule sitayaandika hapa. Kila nikifika mwanzo wa njia ile, mdomo ulikauka na miguu ikawa mizito. Siku ya kwanza nilijiambia mvua inakuja. Siku ya pili nilijiambia jua ni kali. Kila nilipogeuka nilijisikia nafuu mara moja, na nafuu hiyo ndiyo iliyonidanganya, maana safari iliyofuata njia ilikuwa ngumu zaidi. Mwishoni sikujisumbua hata kwenda. Niliandika daftarini "nimetembelea", na sikuwa nimetembelea.

Zikapita kama wiki sita. Asubuhi moja mama mmoja wa upande ule alifika zahanati na mtoto aliyekuwa amehara siku tatu, macho yameingia ndani, hawezi hata kulia. Hakujua kuchanganya maji ya chumvichumvi, kwa sababu mtu wa kumfundisha alikuwa ni mimi. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Mama yule aliponiona na fulana ya kazi aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, kumbe wewe ndiye wa kwetu? Tulikuwa tunakungoja." Sikuwa na jibu.

Nilimweleza msimamizi wangu ukweli nikitegemea kufukuzwa. Hakunifukuza. Alinikaripia juu ya daftari, kwa haki kabisa, kisha akasema tutakwenda pamoja. Siku ya kwanza tulifika kwenye mti wa kwanza tu, tukasimama hadi moyo wangu ukatulia, tukarudi. Siku ya pili tulifika katikati. Wiki ya pili nilipita na jirani. Wiki ya nne nilipita peke yangu. Bado siipendi njia ile, lakini naipita.

Ndugu msomaji, nimekueleza aibu yangu ili ujue kwamba mtu anayekwepa jambo mara nyingi si mvivu. Mama aliyeacha shamba lake na kukaa mlangoni siku nzima, kijana asiyetoka tena na mashua, baba anayepiga watoto kwa kelele ndogo, mzee anayeamka mara tano usiku kuangalia komeo, yule anayemaliza fedha zake kwenye tembo ili apate usingizi, kila mmoja wao anajaribu kumtuliza mlinzi wa ndani. Njia wanayotumia ndiyo inayowaumiza.

Na wasiwasi hauishii kwa mtu mmoja. Unaweza kushika kijiji kizima. Tarehe 7 Aprili 2024, huko Lunga katika jimbo jirani la Nampula, watu walijazana kwenye mashua ya uvuvi kuelekea Kisiwa cha Msumbiji. Walikuwa kama 130. Mashua haikuwa ya abiria. Ilizama, na watu zaidi ya 90 walikufa, wengi wao watoto. Viongozi wa serikali walisema wengi walikuwa wanakimbia kwa sababu ya uvumi juu ya kipindupindu. Kipindupindu ni ugonjwa unaotibika kwa maji ya chumvichumvi ukiwahi. Siku ile uvumi na hofu viliua kuliko ugonjwa wenyewe. Siwalaumu waliopanda. Watu walioona waliyoyaona hawangoji kuuliza mara mbili. Ndiyo maana nasema kutuliza hofu ni kazi ya afya sawa na kutia dawa kisimani.

"Ni pepo." "Ni mwoga." "Ni mvivu."

Haya ndiyo majibu matatu tunayowapa wagonjwa wetu.

Kuhusu pepo, sitaki kugombana na imani ya mtu. Wengi wetu tunakwenda kwa shehe kusomewa, kwa padri kuombewa au kwa mganga, na wengi hurudi na nafuu. Kusomewa, kukaa na watu, kuguswa bega na kusikilizwa ni mambo yanayotuliza moyo. Ninachopinga ni vitu viwili. Cha kwanza ni kumfunga mtu kamba, kumpiga au kumnyima chakula eti pepo atoke. Cha pili ni kumzuia asije zahanati. Dua na zahanati havigombani, mtu anaweza kwenda kote kuwili.

Kuhusu uoga, nimesikia wanaume wakiwacheka wenzao waliolia helikopta ilipopita. Mimi nasema mwili wa mtu haumwombi ruhusa. Askari hodari hupata hali hii, na wavuvi wasioogopa kusi huipata pia. Ukimcheka, hataacha kuogopa, ataacha kusema tu. Na wahenga walituonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Kuhusu uvivu nimeshasema. Kabla hujamwita mkeo au mwanao mvivu, muulize usiku amelala saa ngapi.

Nitakavyojibiwa

Najua wako watakaosoma ukurasa huu na kusema, "Kijana huyu ametosheka. Sisi shida yetu ni chakula, ardhi na kazi. Mtupe hivyo, wasiwasi utaondoka wenyewe." Wana haki. Mtu asiyejua watoto watakula nini kesho ana sababu ya kukosa usingizi, na mazungumzo hayajazi sufuria. Mwaka 2025 fedha za misaada zilipungua sana, na sote tumeiona tofauti. Anayetaka kutumia ushauri nasaha badala ya chakula, au badala ya kulipa watu haki zao za ardhi, huyo nami nitampinga.

Tena kuna neno jingine la kweli: hatari haijaisha yote. Siwezi kumwambia mtu "usiogope, hakuna kitu". Huo ungekuwa uongo, na akinigundua mara moja hataniamini tena hata nikimwambia habari za chanjo. Hofu nyingine ni ya busara. Swali la kujiuliza ni hili: hofu hii inanisaidia kujikinga, au inaninyima hata mambo yaliyo salama? Kujua njia ya kutokea na kuweka vyeti vya watoto pamoja mahali pamoja, hiyo ni tahadhari. Kukaa ndani miezi mitatu huku majirani wote wanalima, huo ni ugonjwa.

Na mtu aliyelala usingizi analima vizuri zaidi. Anapokea habari na kuzipima kabla ya kukimbia. Anasimama mbele ya ofisi na kudai haki yake kwa maneno yaliyonyooka. Kwa hiyo kutibu wasiwasi si kuwanyamazisha watu wenye njaa. Ni kuwarudishia nguvu.

Mambo matatu ninayoyaomba

La kwanza, zahanati. Mgonjwa mwenye moyo kwenda mbio apimwe malaria kwanza, hilo halina mjadala. Aangaliwe pia kama ana upungufu wa damu, kama ana mimba, kama kuna dawa anazotumia, kwa maana hivi vyote vinaweza kuleta dalili kama hizi. Lakini kipimo kikionyesha hana malaria, asiondoke kabla ya kuulizwa maswali mawili: "Usingizi wako ukoje?" na "Kuna jambo gani linalokusumbua moyoni?" Maswali haya hayahitaji fedha wala mashine. Foleni ni ndefu, najua. Lakini mgonjwa anayerudi mara sita kwa jambo lile lile anairefusha foleni kuliko maswali mawili.

La pili, benchi. Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi na bibi kumi na wanne katika mtaa wa Mbare, Harare. Bibi hao hawakuwa wauguzi wa akili. Walifundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu kuchagua tatizo moja la kushughulikia kwanza. Walikaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na ugonjwa waliuita kwa neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Si neno letu lile lile? Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma za kawaida tu. Na kaskazini mwa Uganda, karibu wanawake 700 wakimbizi wa Sudani Kusini walishiriki katika utafiti uliotolewa mwaka 2020. Nusu yao hivi walifundishwa kwa vikundi namna ya kutuliza mawazo, katika vikao vitano, na waliowaongoza walikuwa watu wa kawaida waliopata mafunzo mafupi. Miezi mitatu baadaye dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao.

Mwembe tunao. Bibi wenye hekima na wanaotunza siri tunao. Benchi fundi wetu atalitengeneza. Kinachokosekana ni mafunzo, na mtu wa kuwasimamia na kupokea kesi ngumu. Nawaomba wakubwa wa shirika walifikirie jambo hili.

La tatu, ndimi zetu. Msikitini, kanisani, bombani na sokoni, tuache kuwacheka wenye wasiwasi. Na habari ya kutisha ikiingia kwenye simu yako, kabla ya kuituma uliza: nani ameona kwa macho yake, wapi, na lini? Kama huna jibu, mpelekee mwenyekiti wa kijiji, usiwapelekee watu hamsini.

Unachoweza kufanya leo usiku

Usingoje benchi. Mambo haya ni rahisi na hayana gharama.

Wasiwasi ukipanda, kaa chini, weka nyayo zote mbili ardhini. Vuta pumzi kwa pua huku ukihesabu hadi nne, itoe polepole kwa mdomo ukihesabu hadi sita. Fanya hivyo dakika tano. Siri yake ni kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta.

Taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, kisha sauti tatu unazozisikia. Hii humrudisha mtu kutoka siku ile na kumleta leo.

Lala na uamke saa zile zile. Jioni punguza kahawa, chai kali na tumbaku. Tembo na pombe huleta usingizi mfupi, na usiku wa manane hofu hurudi na nguvu mpya. Usinunue vidonge vya usingizi sokoni. Vingine ni vigumu kuviacha ukishavizoea.

Jambo unalolikwepa, kama ni salama, likaribie kidogo kidogo na mtu unayemwamini, kama nilivyofanya mimi mikoroshoni.

Kama anayeteseka ni jirani yako, mambo ni matatu: mtazame, msikilize, mpeleke panapo msaada. Usimlazimishe kusimulia yaliyompata. Usimwambie "wengine waliona makubwa zaidi". Mkalie tu, mpe maji. Watoto nao hawasemi "nina wasiwasi". Hukojoa kitandani, hung'ang'ania nguo ya mama, huacha kucheza. Usimchape, mkumbatie, na mweleze mapema unakwenda wapi na utarudi lini.

Mlete mtu zahanati bila kukawia kama anasema anataka kufa, kama hali wala hanywi, kama anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kama ameanguka na kupoteza fahamu, au kama maumivu ya kifua hayaishi au yanakwenda mkononi. Hayo si ya kungoja.

Ndugu msomaji, namalizia kwa ombi dogo. Nikipita kwako safari ijayo nitauliza kama kawaida juu ya chandarua, choo na kadi za chanjo. Halafu nitakuuliza, "Usingizi ukoje?" Tafadhali usinijibu "nzuri tu" kwa mazoea. Niambie ukweli. Na wewe nawe niulize mimi.

Mhudumu wa afya wa kujitolea, Afungi